Chagua mwezi kwanza, gari baadaye: safari ya kulala porini, Tabora hadi Kigoma

Wengi wanaonipigia simu huanza na gari. "Kaka, nina Noah, itafika?" "Kaka, nimepata Hiace nzuri, nikitoa viti vya nyuma nikaweka godoro si inatosha?" Mimi huwauliza kwanza mnaondoka mwezi gani. Kazi yangu hapa Tabora ni kuandaa magari ya kulala ndani na kuwaongoza watu wanaotaka kukatiza mapori ya magharibi, kutoka kwetu Unyamwezini, kupita Mlele na Katavi, hadi Uvinza na Kigoma. Kwa uzoefu wangu, ratiba ya safari hii hupangwa na maji. Maji ndiyo yanaamua njia ipi inapitika, wanyama wamesogea wapi, nyasi zimefika kimo gani, hata kama nyuki watakuvamia kambini au watakuacha ule kwa amani. Ukishajua maji yako wapi mwezi unaoondoka, gari utalipata tu.

Huku tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Likizo ndefu za shule ni Juni na Desemba, kwa hiyo familia nyingi huwa zinachagua kati ya miezi hiyo miwili. Desemba nawaambia hapana, na sibembelezwi. Si suala la kunyeshewa. Ni ule udongo mweusi wa mbugani. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, unaona ni mgumu kama sakafu. Ukilowa unanata kwenye tairi tabaka juu ya tabaka mpaka unajaza nafasi yote chini ya madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka na gari linakaa kwa tumbo. Hapo hata Land Cruiser yenye magurudumu manne yanayovuta inabaki kuchimba shimo lake yenyewe. Mkikwama kilomita thelathini kutoka kijiji cha karibu, na watoto ndani, hiyo si likizo tena.

Juni inawezekana, ila uje umejiandaa kwa nyasi. Mvua zimeisha karibuni, na pembeni mwa njia nyasi zinasimama kimo cha mtu, zimekauka na zimejaa mbegu. Hili nalisisitiza kuliko jambo lolote la ufundi kwa sababu limeteketeza magari mazima. Unapopita kwenye njia yenye nyasi katikati, mbegu zinaruka na kuziba rejeta. Injini inachemka bila hata tone la maji kuvuja. Hatari kubwa zaidi iko chini ya gari. Nyasi zinakatika, zinajikunja na kujisokota juu ya bomba la moshi, kati yake na chasisi na karibu na difu, mahali usipopaona ukiwa umesimama. Bomba likipata moto sawasawa zinaanza kufuka. Dereva anasikia harufu ya majani yanayoungua, anadhani ni moto wa wakulima, anaendelea na safari.

Dawa yake ni rahisi lakini haitaki uvivu. Funga kipande cha chandarua mbele ya rejeta na ukikung'ute kila mkisimama. Kwenye njia ya nyasi simama kila baada ya nusu saa hivi, lala chini kabisa na tochi hata kama ni mchana, chomoa nyasi kwa waya uliokunjwa ncha, vaa glavu kwa sababu bomba linaunguza. Usiegeshe juu ya nyasi ndefu gari likiwa la moto. Na mtungi wa kuzimia moto uwekwe karibu na mlango wa dereva. Nimeona magari mengi ya kulala ambayo mtungi umewekwa chini ya kitanda, juu yake godoro, juu yake masanduku. Mtungi wa namna hiyo ni sawa na kutokuwa nao.

Mwezi ninaoupenda mwenyewe ni Agosti, na wiki za mwanzo za Septemba. Njia zimekauka, nyasi nyingi zimeshaungua au zimelala, usiku kuna baridi ya kutosha kulala vizuri ndani ya gari la bati. Wasafiri wa Dar es Salaam hawaamini nikiwaambia wabebe mablanketi. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa sweta.

Kuanzia mwisho wa Septemba hadi Oktoba joto linapanda na maji yanabaki machache. Ndipo Katavi inapoonekana kwa ukamilifu wake. Hifadhi ile ilianzishwa 1974, ina zaidi ya kilomita za mraba 4,400, na maisha yake yote yanategemea Mto Katuma na mabwawa ya Katavi na Chada. Mto ukipungua, viboko wanaosambaa maji yakiwa mengi wanabanana kwenye madimbwi machache ya tope, mamia yao, migongo imegusana, madume wakiumizana kwa kugombea nafasi. Mamba nao wanajificha kwenye mashimo ya kingo za mto wakisubiri mvua. Ni mandhari nzito, na tuseme ukweli, si kazi ya jua peke yake: maji ya Katuma yanachepushwa huko juu kwa kilimo cha mpunga, na mto unakatika mapema kuliko unavyopaswa. Naomba kila ninayempeleka ajue hilo anapopiga picha.

Oktoba ndio pia mwezi wa nyuki. Misitu ya miombo ya Tabora ni nchi ya asali, na nyuki kama viumbe wengine wanatafuta maji. Ukiacha beseni la vyombo wazi saa sita mchana, watalijua. Huanza watatu wanne kwenye ukingo wa beseni, baadaye wanafunika sufuria, bomba la dumu, kitambaa chenye jasho, na mtoto akiwapiga hapo ndipo balaa linapoanza. Kwa hiyo maji yote yafungwe kwa vifuniko, vyombo vioshwe kabla jua halijapanda au baada ya kuzama, na ikibidi weka sahani yenye maji mbali na kambi ili waende huko. Angalia pia juu kabla ya kuegesha. Mizinga ya magome ya miyombo inaning'inia kwenye matawi na rangi yake haitofautiani na mti. Ukiona mzinga, sogea. Ni mali ya mtu.

Sasa njia. Tabora hadi Mpanda kupitia Sikonge, Ipole na Inyonga ni kilomita kama 350, na siku hizi ni lami. Usidanganyike na lami hiyo: unapita misitu mirefu isiyo na watu, mtandao wa simu unapotea, na wanyama huvuka. Mpanda hadi Sitalike, lilipo lango la Katavi, ni kama kilomita 35. Kutoka Mpanda kwenda Uvinza ni karibu kilomita 200, na hapo usitegemee lami mwanzo mwisho. Uvinza hadi Kigoma ni kama 100.

Ukijumlisha unaona ni chini ya kilomita 700, unajiambia mafuta si tatizo. Kinachokula mafuta ni mizunguko. Chukua kipande cha Mpanda peke yake: kwenda Sitalike na kurudi 70, kuzunguka ndani ya hifadhi siku mbili tuseme 120, kisha 200 za Uvinza. Hizo ni 390. Land Cruiser iliyobeba kitanda, maji na watu wanne, kwenye changarawe na gia ndogo, naipigia lita 18 kwa kila kilomita 100, yaani lita 70. Naongeza theluthi kwa ajili ya njia iliyofungwa au kurudi nyuma. Inafika 93 hivi. Tenki la lita 90 halitoshi kwa hesabu hiyo, kwa hiyo jaza Mpanda na ongeza dumu moja la chuma la lita 20, lifungwe nje, si juu ya paa. Maji ya kunywa na kupika ni lita tano kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili. Lita moja ni kilo moja; maji nayo yakae chini, katikati ya gari, la sivyo gari linayumba kwenye kona.

Ukitaka Ugalla badala ya Katavi, inawezekana, na ni pori la kimya zaidi. Pori la akiba la Ugalla lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019. Wakati wa kiangazi mto haukimbii, unabaki mabwawa yaliyotengana yenye viboko na mamba. Huduma ni chache sana, kwa hiyo wapigie simu hifadhi kabla ya kuondoka na uwaulize hali ya njia wiki hiyo, si mwezi uliopita.

Vibali vinawachanganya watu kwa sababu pori kwa macho ni moja lakini wenyewe ni tofauti. Hifadhi za taifa ni TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), mapori ya akiba ni TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), misitu ya hifadhi mingi ni TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Hakuna kulala popote unapojisikia. Ndani ya hifadhi utalala kambi zilizotengwa tu, malipo ni kwa namba ya malipo, si pesa taslimu mkononi, na usiku huruhusiwi kuendesha. Nje ya hifadhi, ukifika kijijini saa kumi na moja jioni, usitafute kichaka. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji. "Shikamoo mzee, tunaomba kulala uwanja wa shule usiku mmoja." Ukishapokelewa, kijiji kizima kinajua ninyi ni wageni wa nani. Beba vitambulisho vya watu wote, kwani mikoa hii inapakana na Burundi na Kongo na vizuizi vya barabarani ni vya kawaida.

Mbung'o hawaepukiki Mlele, Katavi wala Ugalla. Wanafuata kitu kikubwa cheusi kinachotembea, na gari lako ndilo hilo. Rangi za bluu na nyeusi zinawavuta, ndiyo maana vitambaa vya mitego yao ni vya rangi hizo; vaa kaki au rangi nyingine hafifu, nguo nene kiasi, kwa kuwa nyepesi wanaichoma. Fungeni vioo mkipita miombo mizito. Madereva wengi wa huku hufukiza mavi makavu ya tembo kwenye kopo nyuma ya gari, na moshi wake kweli unasaidia. Jua likizama wanatulia, wanawaachia mbu zamu.

Gari lenyewe? Kwa lami na kambi za karibu na lango, Hiace yenye springi nzima na tairi nzuri inatosha mwezi Agosti. Kwa kuzunguka ndani ya Katavi unahitaji gari la juu linalovuta magurudumu yote. Spea tairi mbili, si moja. Kwenye changarawe punguza upepo kama robo, gari litatulia na shokapu zitadumu, halafu beba pampu ya kurudisha upepo ukifika lami.

Kuhusu kulala, nina sheria mbili nisizojadiliana na mtu. Jiko la mkaa haliingii ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu ya moto, hata kukiwa na baridi kiasi gani. Hewa yake haina harufu na inaua waliolala. Acheni vioo viwili wazi kidogo, vyenye chandarua. Ya pili: usiegeshe kati ya maji na njia ya viboko. Usiku wanatoka kwenda malishoni na wanapita palepale kila siku, utaona njia yao imechimbika kama mitaro miwili sambamba. Ukitoka nje usiku, mulika tochi pande zote kwanza. Matunda yafungwe vizuri, tembo ananusa chungwa kutoka mbali.

Uvinza watu hupita bila kusimama. Mimi husimama. Chemchemi zake za chumvi zimechemshwa na watu tangu karne ya 5 hivi, na chumvi ile ilisafiri mbali na misafara kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914. Kutoka hapo kurudi Tabora unaweza kupitia Malagarasi na Kaliua, kando ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliyoingizwa kwenye mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Mwenye subira na darubini anaweza kumwona korongo nyangumi, ndege mwenye mdomo mpana, huko.

Kigoma gari linapumzika. Kutoka hapo watu huenda kuona sokwe kwenye hifadhi za Gombe na Mahale: Gombe hakuna barabara, ni boti, na Mahale kwa wengi ni boti pia. Mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kwenda kwa sokwe, kwa sababu magonjwa yetu yanawaua, kwa hiyo kama mmoja wenu ameanza kukohoa tangu Mpanda, abaki mjini au pangeni Gombe siku za mwisho.

Na mkisharudi nyumbani, wiki zinazofuata msizipuuze. Mtu akipata homa kali, au kidonda chekundu kilichovimba palipoumwa na mbung'o, kipimo cha malaria kikionyesha hana, mwambieni daktari waziwazi kwamba mlikuwa Katavi au Ugalla na mliumwa na mbung'o. Malale ya upande wetu huenda kwa kasi, na huonekana kwenye damu kwa hadubini, hasa mpimaji akiwa ameambiwa atafute nini.