Mbwa Wetu Amezaa: Maswali na Majibu kuhusu Kulea Watoto wa Mbwa Nyumbani

Katika mitaa ya Mwanza, kuanzia Nyegezi na Igoma hadi nyumba zilizojengwa juu ya mawe kule Mabatini, mbwa wengi hufugwa kwa ajili ya ulinzi, na jike anapozaa familia hujikuta na watoto sita au wanane bila kujiandaa. Maswali yafuatayo ndiyo ambayo wafugaji huniuliza mara nyingi ninapopita kutoa chanjo, na nimeyajibu kwa kirefu pale ambapo kosa dogo linaweza kugharimu uhai wa mbwa au wa mtu.

Jike wetu amezaa watoto saba usiku wa kuamkia leo. Tuanze na lipi?

Anzeni na joto. Mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa haoni wala hasikii, na kwa wiki mbili za mwanzo mwili wake hauwezi kujitunzia joto, hivyo hutegemea ubavu wa mama na miili ya wenzake. Watu wengi hudhani kwamba Mwanza hakuna baridi, lakini usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 17, na upepo wa ziwani hupenya chini ya mlango, ilhali mtoto aliyezaliwa leo huhitaji mahali penye nyuzi 30 hivi. Boksi kubwa lililotandikwa kitenge chakavu, likiinuliwa kidogo kutoka kwenye sakafu ya saruji, linatosha kabisa. Chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kwenye taulo husaidia, mradi ikae upande mmoja tu wa boksi ili mtoto anayezidiwa na joto aweze kujisogeza. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake ya sumu, isiyoonekana wala kunukia, huua mbwa na watu pia.

Baada ya joto ni maziwa. Hakikisheni kila mmoja amenyonya dang'a ndani ya siku ya kwanza, kwa sababu maziwa hayo mazito ndiyo yanayombebea kinga ya mama yake. Wapimeni kila siku kwa mizani ya jikoni: mtoto mwenye afya huongezeka kila siku, na akifikisha siku 10 hivi huwa amefikia uzito maradufu wa ule aliozaliwa nao. Yule anayelia mfululizo, ambaye mdomo wake ni wa baridi ukiuingiza kidole, yumo hatarini, nanyi mpasheni joto kwanza kabla ya kumlisha, maana tumbo lililopoa halisagi maziwa. Maziwa matupu ya ng'ombe huwaharisha, kwa kuwa yana sukari nyingi na mafuta machache kuliko ya mbwa. Mama akikosa maziwa, mwoneni daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mwoneni upesi pia ikiwa mama mwenyewe anatetemeka na kukakamaa miguu, kwa sababu hiyo huwa ni dalili kwamba kalsiamu (madini ya mifupa) ya mwili wake imeishia kwenye maziwa.

Mmoja ana tumbo kubwa kuliko wenzake. Je, si dalili ya kushiba?

Mtazameni mgongoni. Mtoto aliyeshiba huwa na tumbo la mviringo na mgongo uliojaa, lakini mwenye minyoo huwa na tumbo lililokaza kama ngoma huku mbavu na uti wa mgongo vikihesabika. Niliwahi kumshika mmoja wa wiki tano aliyesifiwa na wenyeji wake kwa ulaji. Alikohoa mara mbili, akatapika kifundo cha minyoo myeupe kama tambi zilizojisokota, nayo bado ilikuwa ikijinyonganyonga sakafuni. Minyoo hiyo haikutokana na uchafu wa nyumba ile. Minyoo mviringo ya mbwa hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wakiwa bado tumboni, na minyoo ya safura hupitia katika maziwa, ndiyo maana hata boksi safi halizuii.

Kwa hiyo dawa ya minyoo hutolewa wakiwa na wiki 2, kisha kila baada ya wiki 2 hadi wafikishe wiki 8, na mama hupewa pamoja nao. Kipimo hufuata uzito, hivyo msikate kidonge cha binadamu kwa kukisia.

Suala hili linaihusu familia nzima. Mayai ya minyoo mviringo yakimezwa na mtoto anayecheza kwenye udongo, viluwiluwi vyake huzurura ndani ya mwili na huweza kufika ini, mapafu na hata jicho, na mabuu ya safura ya mbwa hupenya ngozi ya mguu usiovaa kiatu na kuacha mistari inayowasha. Hata hivyo mayai ya minyoo mviringo hayaambukizi siku yanapotoka, bali huhitaji wiki mbili hivi au zaidi kukomaa. Mkizoa kinyesi kila siku na kukifukia mbali na mahali pa kuchezea, huwa mmekata mnyororo kabla haujafungwa, na hakuna dawa ya dukani inayofanya kazi hiyo kwa bei hiyo.

Wakianza kula, tuwape nini? Hapa kwetu dagaa ni rahisi.

Dagaa ni chakula kizuri, nanyi mna bahati ya kukaa karibu nao. Kuanzia wiki ya 4 chemsheni dagaa, mkiisha kuwaosha mara kadhaa ili kuondoa mchanga wa mwaloni (ufukweni wanakoshushwa samaki), wasageni, kisha changanyeni na uji mzito wa dona. Uwekeni kwenye sahani bapa mara nne kwa siku huku watoto wakiendelea kunyonya. Uji peke yake hautoshi kukuza misuli na mifupa. Mapanki yanayouzwa baada ya minofu ya sangara kutolewa yanaweza kuchemshwa kwa ajili ya supu, lakini miiba ichujwe yote, kwa kuwa huchoma koo na utumbo. Msiwape matumbo mabichi ya mbuzi au ng'ombe, maana hapo ndipo mbwa anapopata tegu ambaye mayai yake huota malengelenge makubwa katika ini la binadamu.

Mume wangu anasema tukiwazoesha watu hawatakuwa walinzi, tuwafungie bandani ili wawe wakali. Ni kweli?

Si kweli, na kati ya maswali yote ninayoulizwa hili ndilo ninaloomba lisikilizwe kwa makini zaidi. Mbwa aliyefungiwa tangu utotoni hawi mkali kwa maana ya ulinzi. Huwa mwoga, na mbwa mwoga humng'ata aliye karibu, ambaye mara nyingi ni mtoto wa jirani aliyefuata mpira. Mwizi halisi akija kwa kishindo, mbwa huyohuyo hujificha nyuma ya tangi.

Ubongo wa mtoto wa mbwa una mlango unaofunguka karibu na wiki ya 3, macho na masikio yanapokuwa yameanza kazi, na unaoanza kufungwa kati ya wiki ya 12 na ya 14. Anachokutana nacho kwa wema katika kipindi hicho hukihesabu kuwa sehemu ya dunia yake, na asichokutana nacho huweza kukiogopa maisha yake yote. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walichapisha matokeo ya kuwalea watoto wa mbwa katika uwanja wenye uzio mrefu bila kugusana na watu, wakiwatoa kwa zamu katika umri tofauti. Waliotolewa mapema walizoea watu, lakini wale ambao hawakuguswa hadi wiki ya 14 waliendelea kuwakimbia watu.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kuanzia siku za mwanzo mshikeni kila mmoja kwa dakika chache kwa siku, mama yake akiwa ametulia, mkimgusa masikio, makucha na mdomo. Kuanzia wiki ya 3 waleteeni dunia: mzee mwenye bakora, mama aliyevaa baibui, mama mwenye beseni la samaki kichwani, mtoto anayekimbia, bodaboda iliyowashwa kwa mbali, mvua juu ya bati. Dondosheni mfuniko wa sufuria hatua kadhaa kutoka walipo, kisha watazameni. Atakayeruka, akasimama, halafu akarudi kuunusa mfuniko, amejifunza. Atakayejikunyata pembeni na kutetemeka asilazimishwe wala asichekwe. Sogezeni kelele mbali zaidi kesho, na mpeni kipande cha dagaa kila inaposikika. Ulinzi utakuja wenyewe akipevuka, kwa sababu atajua vizuri nani ni wa nyumbani na nani si wa nyumbani.

Lakini chanjo zao hazijakamilika. Tukiwatoa nje si watapata maradhi?

Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa virusi vya parvo, vinavyoleta kutapika na kuhara damu na vinavyoweza kudumu kwenye udongo kwa miezi mingi. Chanjo ya parvo na ya distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16, yaani mlango niliousema hufungwa kabla ratiba haijaisha. Njia ya kupatanisha mambo haya mawili ni kuwabeba. Watieni kwenye kapu, kaeni nao barazani au kituo cha daladala waone na kusikia, lakini miguu yao isiguse ardhi mahali wanapopita mbwa koko, na wasipelekwe kabisa kwenye mialo kama Kirumba ambako mbwa wengi hukusanyika. Wageni waache viatu nje na kunawa mikono kabla ya kuwashika.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida wakifikisha miezi 3 na kurudiwa baada ya mwaka. Kampeni ya chanjo ikipita mtaani kwenu kabla ya umri huo, wapelekeni hivyohivyo, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri hata walio chini ya miezi 3 wachanjwe katika kampeni.

Tunaweza kuwaogesha ziwani?

Hapana. Wadogo hupoa haraka, na ninyi mnaosimama majini kuwashika mnajiweka katika hatari ya kichocho, ambacho kimeenea katika mwambao wetu. Kitambaa chenye maji ya vuguvugu kinatosha, na viroboto waondolewe kwa kitana chenye meno ya karibu.

Mwanangu amekwaruzwa na meno ya mtoto wa mbwa wakicheza. Mbwa mwenyewe ana wiki kumi tu, kuna haja ya kuhangaika?

Ipo. Mbwa wa umri wowote anaweza kuwa na kichaa, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Osheni kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mkitazama saa na si kwa kukisia. Msipake majivu, mafuta ya taa wala kitunguu. Kisha mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, mkipiga simu kwanza kwa kuwa chanjo haipatikani katika kila zahanati. Mbwa asiuawe, bali afungwe na kutazamwa kwa siku 10, akipewa chakula na maji, na daktari wa mifugo ajulishwe.

Ni lini tunaweza kuwagawa?

Wakitimiza wiki 8, si mapema. Kati ya wiki ya 5 na ya 8 ndipo mtoto anapojifunza kutoka kwa ndugu zake kwamba akiuma sana mwenzake hulia na mchezo huisha, na aliyeondolewa kabla ya hapo hukua bila kujua nguvu ya meno yake. Siku ya kumkabidhi, mpeni mpokeaji kadi yenye tarehe za dawa na chanjo, mweleze ni dozi ipi inayofuata, na mfungieni kipande cha kile kitenge walichokuwa wakilalia, ili usiku wa kwanza awe na harufu ya mama yake.