Chumba cha karavani hakirudishwi kwa misuli

Wenye karavani, yaani nyumba za magurudumu za kusafiria, zenye vyumba vinavyochomoza ubavuni wameambiana kwa miaka mingi: umeme ukikatika, ita watu wanne wakisukume chumba kirudi ndani. Naelewa kwa nini wengi wanaamini. Chumba kina reli, na kitu chenye reli huonekana kama kinangoja kusukumwa tu.

Lakini katika mifumo mingi ya umeme, mota ina breki inayoshika giya muda wote isipozunguka. Ukisukuma, unapigana na breki hiyo. Kinachoshindwa mara nyingi ni meno ya giya, au ukuta unaopinda kwa sababu upande mmoja umetangulia.

Anza na betri. Vyumba hivi kwa kawaida huendeshwa na volti 12 za betri ya karavani yenyewe, kwa hiyo kukatika kwa umeme wa nje peke yake hakuvizuii. Kagua fyuzi pia. Chumba kikikataa bado, legeza breki ya mota, kisha zungusha ekseli yake kwa mpini au spana, polepole, huku mwenzako akitazama pande zote mbili. Mfumo wa haidroli, unaosukumwa na shinikizo la mafuta, una valvu zake, na ipo mifumo michache ambayo kweli husukumwa, ila baada ya mota kuachanishwa. Kitabu cha karavani yako kitakwambia.

Halafu rudisha breki kabla ya safari. Nakusihi usisahau hili: bila breki, chumba kinaweza kutoka chenyewe barabarani.