Je, wajua kwa nini nyumba za zamani za Marekani zina mbao za mwaloni (oak) zilizofichwa chini ya kapeti?

"Ndugu, juu ya nini walificha mbao muzuri hivi?"

Hilo swali aliniuliza dada mmoja wa Bukavu hapa Columbus, Ohio, siku tumepiga magoti wote wawili ndani ya kabati la nguo la nyumba aliyokuwa ametoka kuinunua. Nyumba ya 1953, ndogo, paa kali, kapeti la rangi ya chai ya maziwa limetandikwa ukuta kwa ukuta kila chumba. Mi nilikuwa nimeshika plaizi nimevuta kona ya kapeti, chini yake kuna sponji limezeeka mpaka limekuwa unga kabisa, kama unga wa muhogo, nikaufagia kwa mkono na pale chini nikaona vibao vyembamba vya mwaloni vimebanana, vanishi bado inang'aa kana kwamba fundi kaondoka juzi.

Siku ile nilicheka tu, nikamwambia tung'oe kwanza maswali baadaye. Ila jibu lake lipo na ni kinyume cha watu wengi wanavyodhani. Wengi wanaona kwamba zamani kulikuwa na mtu mwenye hela aliyeweka mbao za kifahari, afu akaja mwingine asiyejua thamani akafunika. Hapana. Enzi hizo mbao ndo ilikuwa kitu cha kawaida, cha kila nyumba, na kapeti ndo ilikuwa sifa.

Turudi nyuma kidogo. Vita vya Pili vinaisha 1945, wanajeshi wanarudi kwa mamilioni, wanaoa, wanazaa, nyumba hakuna. Serikali ilishapitisha sheria ya 1944 ya kuwasaidia hao wanajeshi, ndani yake kuna dhamana ya mkopo wa nyumba, na kulikuwa tayari na FHA, idara ya serikali iliyoanza 1934 kazi yake kuwekea bima mikopo ya nyumba ili benki zisiogope kukopesha. (Tuseme ukweli pia, watu weusi wengi walifungiwa nje ya neema hiyo, wanajeshi wenzao wakiwemo, hiyo ni mada ya siku nyingine lakini siwezi kuipita kimya.) Basi nyumba zikajengwa haraka haraka, na kwa sehemu kubwa ya nchi fundi alikuwa na mtindo mmoja wa sakafu: boriti za mbao, juu yake mbao za msonobari zimepigiliwa kwa mshazari, juu ya hizo karatasi nyeusi, juu kabisa vibao vya mwaloni. Jikoni na bafuni linolea au vigae. Basi.

Na hivyo vibao vilikuwa na kipimo kimoja, unene robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 hivi, upana inchi 2 na robo. Kila kimoja kina ulimi upande mmoja na mfereji upande mwingine, kinaingia kwa mwenzake na msumari unapigwa kwa mshazari kwenye ulimi, ndo maana ukiangalia juu huoni kichwa cha msumari hata kimoja. Misitu ya mwaloni ya mashariki na kusini ilikuwa imejaa, viwanda vilikuwepo tele, Memphis ndo palikuwa kama makao makuu ya hiyo biashara, kwa hiyo kwa mjenzi mwaloni ulikuwa kama saruji kwetu. Hakuna aliyemwita mgeni aje kuona.

Sasa kapeti. Kapeti la kufumwa lilikuwa ghali, la matajiri. Lakini kule Dalton, mji mdogo wa Georgia, wanawake walikuwa wanatengeneza mashuka ya kitandani yenye vinyuzi vimechomoza juu, kazi ya mkono, watu wakatengeneza mashine za kuchoma huo uzi kwenye kitambaa kwa sindano nyingi kwa mpigo, halafu mtu akaona, si tuipanue tu hii mashine itoe kapeti? Baada ya vita ndo ikawaka. Mashine ya kuchoma uzi inakwenda mbio kuliko kitanda cha mfumi, afu nailoni nayo ikaingia badala ya pamba, bei ikaporomoka. Ghafla mke wa mfanyakazi wa kiwanda anaweza kuwa na kapeti ukuta kwa ukuta kama mastaa wa sinema. Joto miguuni, watoto hawapigi kelele wakikimbia, na hakuna tena kupiga magoti Jumamosi kupaka nta, maana sakafu za mbao wakati huo nyingi zilikuwa zinalindwa kwa nta na nta inataka kupakwa tena na tena. Ungekuwa wewe usingefunika?

Msumari wa mwisho ni wa kibenki. Katikati ya miaka ya 1960 FHA ikakubali kapeti juu ya plaiwudi kuhesabiwa kama sakafu kamili ndani ya mkopo wa nyumba. Maana yake mjenzi hahitaji tena kuweka mwaloni chini, na mnunuzi kapeti lake analilipa kidogo kidogo kwa miaka 30, wakati lenyewe litachakaa hata nusu ya mkopo haijafika. Mi hapo ndo huwa nacheka. Kwa hiyo kama nyumba ni ya 1953 kuna uwezekano mkubwa mwaloni uko chini, kama ni ya 1972 usijipe matumaini sana, utang'oa kapeti ukutane na plaiwudi ina madoa ya rangi ya ukutani.

Na tusiwacheke. Nyumbani kwetu si watu wanafunika ile sakafu nyekundu ya saruji, iliyosuguliwa kwa polishi mpaka unajiona uso, wanaweka vigae vinavyoteleza kama sabuni eti ndo kisasa?

Namna ya kujua bila kuharibu chochote, na hii nilifundishwa na mzee mmoja wa kazi: kama nyumba ina hita ya kupuliza hewa, sakafuni kuna matundu yana wavu wa chuma. Ng'oa wavu, piga tochi pembeni. Pale shimo lilipokatwa utaona sakafu imekaa kama keki iliyokatwa, kapeti, sponji, mwaloni, msonobari, vyote kwa mpangilio. Na cha muhimu kuliko vyote utaona ulimi wa ubao uko wapi, juu yake mbao imebaki nene kiasi gani. Ubao mpya una kama milimita 6 juu ya ulimi, hiyo ndo nyama ya kula. Kupiga msasa sakafu nzima vizuri kunakula kama milimita moja au pungufu kidogo. Sasa nyumba iliyofunikwa kapeti mwaka 1967 mara nyingi sakafu yake ilipigwa msasa mara moja tu, siku ilipowekwa, afu ikalala miaka 50 na kitu. Kapeti lililoionea aibu ndo limeitunza. Ila ukiona vichwa vya misumari vimeanza kuchungulia kwenye maungio, au mdomo wa ubao unapasuka ukiukanyaga, nyama imeisha, hapo ni kubadilisha, usimsikilize fundi anayekwambia "tunapitisha kidogo tu".

Habari njema ni kwamba kile kipimo cha inchi 2 na robo bado kinauzwa mpaka leo, hicho hicho. Vibao vitatu vikioza unavitoa, unasuka vipya katikati ya vya zamani, na kama unataka rangi ifanane kabisa unachukua vya ndani ya kabati la nguo kuziba sebuleni, vile vipya unaviweka kabatini ambako hakuna anayetazama. Ndo tulivyofanya kwa yule dada.

Kabla ya kuwasha mashine yoyote lakini kuna mambo mawili ya kuogopa, na hapa naomba mtu asiniletee ujuaji. Moja ni vigae vya inchi 9 kwa 9, vile vya miraba vyenye mistari kama moshi, vimejaa kwenye besimenti (chumba cha chini ya nyumba) na jikoni za nyumba za miaka hiyo. Vingi vina asbesto, zile nyuzi za madini zinazoharibu mapafu, na ile gundi nyeusi kama lami chini yake inaweza kuwa nayo pia. Vikiwa vizima vimelala havina neno. Ukivisaga kwa msasa umeipuliza asbesto nyumba nzima na mapafu hayasahau. Peleka kipande maabara, au vifunike tu na sakafu nyingine juu. Pili ni risasi kwenye rangi, yale madini yenye sumu, sio ya bunduki, kwa nyumba yoyote ya kabla ya 1978, mwaka ambao rangi ya risasi ilipigwa marufuku majumbani, pima kwanza hasa pale sakafu ilipopakwa rangi au kando ya kuta.

Na sio kila nyumba ya baada ya vita ina hazina. Levittown ya New York, ule mtaa maarufu ulioanza 1947, nyumba zake zilimwagwa juu ya zege moja kwa moja, hakuna besimenti, hakuna boriti, mabomba ya shaba ya maji ya moto yamezikwa ndani ya zege kupasha nyumba joto na juu yake vigae vya lami. Ukienda pale na plaizi kutafuta mwaloni utachoka, na ukianza kupiga misumari kwenye zege ovyo unatoboa bomba.

Haya, kazi yenyewe. Kung'oa kapeti ni siku moja, kung'oa pini za stepla zilizoshika sponji ni siku tatu. Sitanii. Chumba kimoja tulijaza kopo la rangi pini tupu, na kando ya kuta kuna vijiti vyenye misumari imetazama juu, ukivikanyaga na sendo utakumbuka jina la babu yako. Kila pini lazima itoke maana msasa ukigonga chuma unachanika, na hiyo ni hela.

Afu unajua vanishi iliyopo ni ya aina gani. Dondoshea spiriti mahali pa kificho, ikilainika na kunata ni shelaki, ya zamani. Dondoshea maji, ukiona baada ya dakika chache alama nyeupe kuna nta. Nta ndo mchawi wa hii kazi, ukipaka vanishi ya kisasa ya poliurethani juu ya nta haishiki, itabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Kwa hiyo wale wanaotaka njia ya mkato, kukwaruza kidogo na kupaka vanishi mpya mara moja juu, wanaweza tu kama hakuna nta, vinginevyo msasa mpaka mbao mbichi: unaanza na ule mkali namba 36, unapanda 60, unamalizia 100.

Mashine ya kukodi ya kupiga msasa, ile yenye dramu inayozunguka, ndo iliniumbua mimi mara ya kwanza, sio kwa huyu dada, kwangu mwenyewe. Inavuta kama mbuzi aliyeona majani. Nilisimama sekunde moja kujikuna pua dramu ikiwa chini, ikachimba kibonde, na kibonde huwezi kukiona mpaka upake vanishi na jua la jioni lipite dirishani, hapo kinaonekana kama bakuli. Unainyanyua kabla hujasimama, kila mara. Na vumbi lake usilale nalo ndani, vumbi la vanishi ya zamani likilundikana kwenye mfuko linaweza kupata joto lenyewe na kuwaka usiku, sawa na matambara ya mafuta. Moto wa namna hiyo sio hadithi.

Chumba cha nyuma tulikuta doa jeusi ukubwa wa sinia. Mbwa. Mwaloni una tanini nyingi, ileile ya kwenye magome ya mikoko ambayo watu wa pwani waliuza kwa ajili ya kutengenezea ngozi, na tanini ikikutana na mkojo au chuma kilichopata maji inageuka nyeusi. Doa la chuma linatoka kwa asidi ya oksaliki. La mbwa wa miaka kumi limezama mpaka chini, tulijaribu mara mbili likawa kijivu, dada akasema basi, kitanda kitakaa hapo.

Tulimaliza Septemba. Januari akanipigia, sauti imepanda: ndugu, mbao zinaachana, naweza kuingiza kadi ya benki katikati! Nikamwambia asiguse, asijaze pati, ni hita imekausha hewa na mbao imesinyaa upande wa upana, ukijaza sasa hivi joto likija mbao itavimba na kuitema pati yote juu. Subiri Juni. Juni akanitumia picha, kadi haiingii.