Homoni, tezi na koki ya boya

Mtu akisema ana "tezi", wengi huelewa tezi dume. Wengine huita tezi ile mitoki ya kinenani au mafindofindo ya kooni. Hizo siyo tezi zinazohusika hapa. Tezi dume humwaga majimaji yake kupitia vijifereji, kama tezi za jasho na za mate, na mitoki ni vinundu vya kinga vilivyovimba. Tezi za homoni hazina mfereji. Zinachotengeneza hukimwaga ndani ya damu, nayo damu hukifikisha mbali: kemikali ya shingoni huamua kasi ya moyo, ya chini ya ubongo huliamsha titi litoe maziwa.

Kemikali hiyo ndiyo homoni. Neno lenyewe lilianza kutumika mwaka 1905, lilipotamkwa London na mwanasayansi Ernest Starling kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Miaka mitatu kabla, yeye na mwenzake William Bayliss walionyesha kwamba utumbo mdogo ukiguswa na asidi, kongosho huanza kumwaga majimaji ya kusaga chakula hata kama mishipa ya fahamu ya utumbo imekatwa. Ujumbe ulikuwa umepita kwenye damu.

Damu hufika kila mahali, lakini homoni haisikiki kila mahali. Seli huitikia ikiwa tu ina kipokezi cha homoni hiyo, kama kufuli linavyokubali ufunguo wake. Ndiyo maana kiasi kidogo mno kinatosha, na ndiyo maana pia kikizidi kidogo tu au kikipungua, mtu huugua.

Swali kubwa basi ni moja: tezi hujuaje kwamba imetosha? Tazama tangi la maji lenye koki ya boya. Maji yakishuka, boya hushuka nayo na koki hufunguka. Yakipanda, boya huinuka na kuifunga. Hakuna anayekaa juu ya paa kuangalia. Kinachofunga koki ni maji yenyewe yaliyoletwa na koki hiyo. Homoni nyingi huongozwa hivyohivyo, na kitaalamu huitwa mrejesho hasi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni tezi ya shingo, yaani dundumio. Ina umbo la kipepeo, iko chini ya koromeo, na kwa mtu mzima ina uzito wa gramu 15 hadi 25 hivi. Hutoa homoni mbili: T4, yenye atomi nne za iodini, na T3, yenye tatu. T4 ndiyo nyingi, lakini T3 ndiyo kali zaidi. Sehemu kubwa ya T3 hupatikana baada ya ini, figo na viungo vingine kuiondolea T4 atomi moja. Hizi ndizo zinazopanga mwili uchome chakula kwa kasi gani. Boya la mfumo huu liko chini ya ubongo: tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa karibu punje ya mbaazi. T4 na T3 zikipungua, pituitari hutoa homoni iitwayo TSH ya kuihimiza dundumio. Zikiongezeka, TSH hushuka.

Sasa tuseme tezi iko tayari kufanya kazi lakini malighafi hakuna. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na mjamzito au anayenyonyesha 250. Ni kidogo sana: kwa miaka 70 haifiki gramu 4, chini ya kijiko cha chai. Ikikosekana, T4 hushuka, TSH hupanda, na tezi husukumwa bila kupumzika. Inatanuka ikijaribu kunasa kila chembe ya iodini inayopita. Huo uvimbe ndio rovu. Siyo kwamba tezi imelewa nguvu. Mara nyingi ni tezi yenye njaa. Hasara kubwa zaidi haionekani shingoni: mtoto akikosa homoni hizi akiwa tumboni, ubongo wake hudumaa na haurudi nyuma kujengwa upya.

Rovu hushamiri milimani, ambako mvua imeosha iodini kwenye udongo. Nchini Tanzania nyanda za juu kusini zilijulikana kwa hilo, hata zikagawiwa vidonge vya mafuta yenye iodini tangu miaka ya 1980 kabla ya chumvi yenye madini joto, yaani iodini, kuenea. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, nchini Kongo, watafiti walikuta upande wa kaskazini una rovu nyingi kuliko kusini ingawa iodini ilikuwa haba pande zote mbili. Muhogo ulichangia. Sumu ya sianidi ya muhogo usiolowekwa na kukaushwa vizuri hugeuzwa mwilini kuwa thiosianati, ambayo huizuia iodini kuingia kwenye tezi.

Wakazi wa pwani wasijidanganye kwamba chumvi ya bahari ina madini joto kwa asili. Iodini inayobaki baada ya maji kukauka ni kidogo mno, lazima iongezwe. Chumvi yenye miligramu 30 za iodini kwa kilo hukupa mikrogramu 150 kwa gramu 5, na gramu 5 ni kijiko cha chai kimoja, ambacho pia ndicho kikomo cha chumvi kwa siku. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Kwenye karatasi ya maabara wengi huchanganyikiwa. TSH ya kawaida kwa mtu mzima ni takriban 0.4 hadi 4.0. Ikiwa 25, jirani atakwambia "homoni zako zimezidi". Ni kinyume: koki imefunguka yote kwa sababu tangi ni tupu. Mtu huyo huhisi baridi wenzake wakitoka jasho, hufunga choo, ngozi hukauka, mapigo huenda taratibu. TSH ikikaribia sifuri huku T4 ikiwa juu, tangi linafurika: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kukonda huku mtu anakula. Katika ugonjwa wa Graves kingamwili hujifanya TSH na kuishurutisha tezi, kwa hiyo pituitari kujinyamazia hakusaidii chochote. Na boya lenyewe likiharibika, T4 inaweza kuwa chini huku TSH ikionekana ya kawaida. Ndiyo sababu namba moja bila mwenzake haitoshi.

Upungufu wa homoni za dundumio hutibiwa kwa levothairoksini, ambayo ni T4 yenyewe. Imezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa nne, maana huinasa tumboni. Kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane. T4 huchukua siku saba hivi kupungua nusu, na kupima baada ya siku kumi ni kutupa hela.

Si kila tezi hungoja pituitari. Kongosho huonja sukari ya damu yenyewe na kutoa insulini papo hapo. Uchungu wa kuzaa nao huenda kinyume kabisa: homoni ya oksitosini huukaza mji wa mimba, mkazo huo huita oksitosini zaidi, mpaka mtoto atoke.

Anayetumia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, pumu au mzio, anapaswa kulijua boya kuliko wote. Dawa hii hufanana na kotisoli, homoni ya tezi za adrenali, zilizo juu ya figo. Pituitari huiona, huacha kutuma amri, na baada ya wiki tatu hivi adrenali huanza kusinyaa. Krimu kali za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, zikipakwa mwili mzima kwa miezi, zinaweza kufanya vilevile. Ukiacha ghafla, tangi ni kavu na koki imeganda: udhaifu, kutapika, presha kushuka, wakati mwingine kuzimia, hasa ukipata malaria au ajali. Hiyo ni dharura ya sindano ya haidrokotisoni hospitalini. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya daktari, na adrenali zinaweza kuchukua miezi kadhaa kabla hazijarudi kazini.