Meksiko kwa Siku Moja: Dhana Potofu za Wavukao Mpaka na Ukweli Wake

Kila majira ya baridi, wazee wengi kutoka Marekani na Kanada huegesha magari yao Andrade, kwenye pembe ya California inayopakana na Arizona, katika uwanja wa kuegesha unaoendeshwa na kabila la Waquechan. Kutoka hapo wanavuka kwa miguu hadi Los Algodones, mji mdogo wa Meksiko wenye mamia ya madaktari wa meno, uliopewa jina la utani la Mji wa Magego. Wanatengeneza meno, wanapima miwani, wanakula taco za samaki, na jua likianza kushuka wanarudi upande wa pili.

Waswahili wanaoishi Phoenix, Tucson, San Diego na El Paso nao wamo katika msafara huu. Wengi wanafuata meno, maana bima nyingi za afya za Marekani haziyagusi meno ya mtu mzima. Lakini yanayosemwa kwenye makundi yetu ya simu kuhusu safari hii yananitia wasiwasi. Watu wanaogopa wasichohitaji kukiogopa sana, halafu wanapuuza jambo linaloweza kuwavunjia maisha yao yote Marekani.

Dhana: Ukivuka tu, unatekwa.

Hofu hii haikutoka hewani. Machi 2023 Wamarekani wanne walitekwa Matamoros, na wawili wakauawa. Mmoja wa hao wanne alikuwa amekwenda kwa ajili ya upasuaji wa urembo. Matamoros iko jimbo la Tamaulipas, ambalo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imeliweka daraja la nne kwa miaka mingi, yaani usiende kabisa. Ushauri huo naukubali. Miji ya Reynosa na Nuevo Laredo imo katika jimbo hilohilo.

Tatizo ni kuuchukua mpaka mzima kama mtaa mmoja. Una urefu wa zaidi ya kilomita 3,100 na unapita majimbo sita ya Meksiko. Toka Matamoros hadi Los Algodones ni mbali kuliko toka Dar es Salaam hadi Kigali. Tijuana, jiji linalopakana na San Diego, ina mauaji mengi, zaidi ya 2,000 mwaka 2018 peke yake, lakini sehemu kubwa hutokea katika vitongoji vya mbali na yanahusu ugomvi wa magenge, siyo mtalii anayetembea mchana Avenida Revolución, mtaa wake mkuu wa watalii. Baja California, jimbo la Meksiko zilimo Tijuana na Los Algodones, iko daraja la tatu: fikiria upya kabla ya kwenda. Basi fikiria kweli. Nenda mchana, baki mitaa yenye watu, usinywe ukalewa, na jua jina la jimbo unalokwenda kabla ya jina la mji.

Dhana: Miji ya mpakani ni pombe, kofia kubwa na punda waliopakwa rangi.

Punda wapo. Pale Avenida Revolución utamkuta punda mweupe aliyechorwa mistari myeusi, amefungwa mkokoteni wenye mapambo, mwenye naye anakuita upige picha. Anayewajua pundamilia wa Serengeti atasimama kumtazama mara mbili. Maelezo ya wenyeji ni kwamba katika picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe punda mweupe alikuwa haonekani vizuri, ndipo wakambandika mistari. Zama hizo zinaeleweka: kuanzia 1920 hadi 1933 Marekani ilipiga marufuku pombe, na Wamarekani wakamiminika Tijuana na Ciudad Juárez kunywa na kucheza kamari. Hata saladi ya Caesar inasemekana ilizaliwa Tijuana mwaka 1924, katika mkahawa wa Mwitalia Caesar Cardini.

Ila Tijuana ya leo ina karibu watu milioni mbili. Viwanda vyake vinatengeneza vifaa vya hospitali na vya umeme kwa soko la Marekani, matunda ya mpango wa viwanda vya mpakani ulioanza 1965. Tangu 2016 maelfu ya Wahaiti waliokwama wakielekea kaskazini wamejenga maisha pale. Mtu mweusi akipita anaweza kudhaniwa Mhaiti. Ukiiona mitaa mitatu ya maduka ya zawadi ukasema umeiona Meksiko, umewadhulumu watu wanaoamka alfajiri kwenda viwandani.

Dhana: Kwa siku moja tu, makaratasi si kitu.

Hapa naomba usome polepole, maana ndipo penye hatari.

Kwa raia wa Marekani mambo ni mepesi, ingawa siyo kama zamani. Tangu tarehe 1 Juni 2009 leseni ya kawaida ya udereva haitoshi kurudi kwa nchi kavu. Inahitajika pasipoti au kadi ya pasipoti, na mtoto wa chini ya miaka 16 anaweza kutumia cheti cha kuzaliwa. Upande wa Meksiko, mgeni anatakiwa kisheria awe na FMM, yaani kibali cha mgeni cha kuingia nchini, ambacho hakilipiwi kwa ziara isiyozidi siku saba kwa nchi kavu. Kwenye vivuko vidogo huenda usiulizwe kitu, unapita tu. Urahisi huo wa kuingia ndio unaowadanganya watu, kwa sababu lango la kurudi halina mzaha hata kidogo.

Mwenye grini kadi avuke na kadi yake halisi pamoja na pasipoti ya nchi yake. Pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi kwa kawaida inadai viza ya Meksiko, lakini ukiwa na ukaazi wa kudumu wa Marekani, au viza ya Marekani ambayo bado hai, unasamehewa.

Wanafunzi wanajikwaa kwenye neno hilo "bado hai". Ipo kanuni ya Marekani inayomruhusu mwenye viza iliyokwisha muda kurudi kutoka Meksiko ndani ya siku 30, mradi I-94 yake, yaani rekodi ya kuingia na kukaa Marekani, ni halali na hakuomba viza mpya akiwa huko. Wengi wanaisikia nusu wanaondoka. Nusu ya pili ni kwamba Meksiko haiitambui viza iliyokwisha. Kwa hiyo mwanafunzi Mkenya ambaye viza yake imeisha anaweza kuwa na haki ya kurudi Marekani, huku hana haki ya kuingia Meksiko bila kuomba viza yao kwanza. Na asisahau I-20, fomu ya uthibitisho wa masomo, yenye saini ya chuo.

Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri majibu, nakusihi ndugu yangu, usivuke. Ukitoka bila ruhusa ya kusafiri iliyotolewa kabla, sheria inachukulia kwamba umelitelekeza ombi lako. Miaka ya kusubiri, mawakili, ushahidi uliokusanywa toka Goma au Bukavu, vyote vinaweza kuishia hapo kwa sababu ya jino. Mkimbizi aliyekwisha kupokelewa lakini hajapata grini kadi naye anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi mkononi kabla hajaondoka. Na asiye na makaratasi kabisa aliyekaa Marekani mwaka mzima au zaidi, akitoka anaweza kufungiwa mlango kwa miaka kumi chini ya sheria ya 1996. Kanuni hizi hubadilika. Muulize wakili wa uhamiaji, usimuulize jirani aliyevuka mwaka juzi akarudi salama.

Dhana: Daktari wa bei rahisi ni daktari feki. Au kinyume chake: wote ni sawa, chagua yeyote.

Zote mbili zinapotosha. Bei iko chini kwa sababu kodi ya pango, mishahara ya wasaidizi na bima ya kushtakiwa ni ndogo, na daktari aliyesomea chuo cha umma Meksiko hakuanza kazi na deni kama la mwenzake wa Marekani. Umahiri ni suala jingine, na linapimika. Daktari wa meno Meksiko lazima awe na namba ya taaluma, cédula profesional, na rejesta yake iko wazi mtandaoni kwa yeyote anayetaka kuhakiki. Tafuta namba hiyo ukiwa nyumbani, siyo ukiwa tayari umefungua mdomo.

Ukitoka tu kivukoni Los Algodones, wapiga debe watakuzunguka: meno, miwani, dawa, rafiki, njoo huku. Kazi yao ni halali, lakini wanalipwa kwa kukuleta. Nenda kwenye kliniki uliyoichagua mwenyewe na yenye miadi yako. Kuziba jino au kusafisha ni kazi ya siku moja. Kupandikiza jino ni habari tofauti: skrubu ya titani huingizwa mfupani, kisha kwa kawaida husubiriwa miezi kadhaa ishikane na mfupa ndipo jino la kudumu liwekwe. Anayekuahidi kila kitu kabla ya jua kuzama, muulize maswali mengi.

Upasuaji mkubwa usiuchanganye na meno. Mwaka 2023 wagonjwa waliochomwa ganzi ya mgongo katika kliniki mbili za Matamoros walipata homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na fangasi, na baadhi walifariki.

Dhana: Duka la dawa la Meksiko linauza chochote bila cheti.

Tangu 2010 antibayotiki zinahitaji cheti cha daktari. Ndiyo maana maduka mengi ya dawa yana chumba kidogo cha daktari mlango wa pili, ambako unamuona kwa pesa kidogo.

La kutisha zaidi ni vidonge vikali vya maumivu vinavyouzwa kimoja kimoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walivipima baadhi na mwaka 2023 wakaripoti kukuta fentanili, heroini na methamfetamini ndani yake, katika maduka ya dawa ya miji ya kaskazini. Kidonge cha namna hiyo kinaua. Usikinunue kwa ajili ya mtu yeyote.

Dhana: Bima ya gari na bunduki ya Arizona zinafanya kazi kote.

Bima yako ya Marekani kwa kawaida inaishia mpakani. Bila bima ya Meksiko, ajali yenye majeruhi inaweza kukuweka ndani mpaka ijulikane nani mwenye kosa. Na silaha: hata risasi moja iliyosahaulika chini ya kiti ni kosa zito. Mwaka 2014 mwanajeshi wa akiba wa Marekani alikaa gerezani miezi saba baada ya kuingia Tijuana na bunduki garini, akisema alikosea njia. Egesha upande wa Marekani, vuka kwa miguu.

Dhana: Kurudi ni dakika tano.

San Ysidro, kati ya San Diego na Tijuana, ndicho kivuko cha nchi kavu chenye pilika nyingi kuliko vyote katika mabara ya Amerika, na foleni yake inaweza kula saa kadhaa. Andrade ni kidogo, ila hufungwa usiku, na msimu wa baridi foleni ya wazee hujipanga juani mapema mchana. Kumbuka pia saa: Arizona haibadilishi majira, hivyo kati ya Novemba na Machi miadi ya saa nne asubuhi Los Algodones ni saa tano kwa saa ya Yuma, mji wa Arizona ulio jirani na Andrade.

Mtu mzima wa miaka 21 au zaidi anaruhusiwa lita moja ya pombe bila ushuru. Maembe, mapera na soseji za nguruwe viache. Ofisa akiuliza umebeba nini, taja vyote. Kilichokatazwa kitaishia pipani nawe utaendelea na safari, lakini ukikificha unaweza kutozwa dola 300.