Je, wajua kwa nini ekzosi ya pikapu kuukuu ya dizeli huendelea kuvuja hata baada ya kukazwa boliti?

Dalili ya kwanza huwa ni mlio. Injini inapowashwa ikiwa baridi, husikika kitu kikigonga "tik-tik-tik" upande wa manifoldi ya ekzosi, kikienda mbio kadiri pedali ya mafuta inavyokanyagwa, kisha kinafifia baada ya gari kutembea kidogo. Wengi hudhani ni valvu. Wanaotambua kuwa ni ekzosi hukaza boliti mbili tatu, mlio ukatulia, na baada ya muda ukarudi ukiwa mkali zaidi. Sababu yake imo katika namna chuma kinavyotanuka kwa joto.

Manifoldi ni lile bomba lenye matawi, aghalabu la chuma cha kusubu, linalopokea gesi inayotoka katika kila silinda. Gari linapopanda mlima likiwa na mzigo, gesi hiyo huweza kufikia nyuzi 600 hadi 700 za Selsiasi, ilhali silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda ambacho manifoldi imefungwa kwake, inapozwa na maji na hubaki karibu na nyuzi 90. Chuma cha kusubu hutanuka kwa takriban milimita 0.011 kwa kila mita moja, kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Kwa hiyo manifoldi ya sentimita 60 iliyopata joto la nyuzi 400 zaidi hurefuka kwa zaidi ya milimita 2.5, wakati hedi, hata ikiwa ya alumini, haijarefuka kwa milimita moja kamili. Tofauti hiyo husukumwa kuelekea ncha mbili, na ndiyo maana boliti za mwisho, ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa, ndizo hukatika kwanza.

Watengenezaji wanalijua jambo hili, na kwa kawaida matundu ya manifoldi huwa mapana kuliko boliti zinazopita ndani yake, ili chuma kipate nafasi ya kuteleza. Katika gari lenye umri mkubwa nafasi hiyo huzibwa na kutu na masizi, na boliti inakuwa inapindwa kidogo kila injini inapopata joto na kunyooshwa kila inapopoa, hadi inachoka. Kuikaza kwa nguvu boliti iliyokwisha kuchoka ni kuiharakisha ikatike, mara nyingi ikiacha kipande chake ndani ya hedi.

Kutanuka huko huko ndiko hunyamazisha mlio, kwa sababu manifoldi ikipata moto huziba mwanya. Uvujaji basi hutafutwa injini ikiwa baridi. Mulika tochi kwenye maungio: palipovuja pana alama nyeusi ya masizi iliyosambaa kuelekea nje kutoka kwenye gasketi, kile kipande chembamba kinachoziba mwanya kati ya manifoldi na hedi. Pasipoonekana alama, injini ikiwa imezimwa, pulizia hewa ya shinikizo dogo kupitia mdomo wa bomba la nyuma kisha nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yatakuonyesha mahali.

Ni muhimu kujua kama tundu linalovujisha liko kabla ya tabo au baada yake. Tabo ina magurudumu mawili ya mapezi katika mhimili mmoja. Moja huzungushwa na gesi ya ekzosi, na lingine husukuma hewa kuingia kwenye injini. Gesi ikitoroka kabla ya kufika hapo, hewa inapungua huku pampu ya mafuta ya kizamani ikiendelea kumwaga dizeli, na matokeo yake ni moshi mweusi, nguvu kushuka mlimani na joto la ekzosi kupanda, hali ambayo nayo huongeza kule kutanuka kulikoleta uvujaji. Katika baadhi ya pampu kipo kifaa kinachopunguza mafuta hewa inapokuwa haba. Hapo moshi huwa mdogo lakini gari hudhoofika vilevile.

Tundu lililo baada ya tabo haliathiri nguvu sana, lakini si la kupuuzwa. Gesi inayovujia chini ya sakafu hupenya kwenye kabini kupitia matundu ya kutu na raba iliyochanika kwenye gia. Mwaka 2012 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ukisikia harufu ya moshi ndani ya kabini, tengeneza kabla ya safari nyingine.

Katika ukarabati wenyewe, subira hulipa. Boliti zenye kutu hulowekwa mafuta ya kulegeza kutu tangu siku iliyotangulia, kisha hulegezwa kwa kwenda mbele na kurudi nyuma kidogo kidogo. Iliyokatika ikiwa imebakiza ncha nje huchomelewa nati juu yake, na joto la kuchomelea lenyewe husaidia kuachanisha kutu. Baada ya hapo weka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi: ikiwa imepinda, hakuna gasketi itakayodumu mpaka uso huo usawazishwe kwa mashine. Manifoldi yenye ufa ni bora ibadilishwe, kwa maana chuma cha kusubu kinapochomelewa bila kupashwa moto kwanza na kupoozwa polepole hupasuka tena kando ya weldi. Dawa za kuziba za kupaka zinafaa kwa muda kwenye bomba la nyuma tu.

Wakati wa kufunga, safisha matundu ya manifoldi hadi boliti ipite bila kubana, weka gasketi mpya, na kaza kuanzia katikati kuelekea nchani, kwa awamu, kwa kipimo kilichomo katika kitabu cha gari. Kagua pia raba zinazoning'iniza bomba na mauntini za injini (vishikizo vinavyoibeba injini), kwani zikilegea uzito na mtikisiko wa bomba lote huishia kwenye boliti zile zile. Injini ikishapata moto na kupoa mara chache, rudia kuzipima kwa spana ya kipimo ikiwa baridi, isipokuwa kama kitabu kinakataza kukaza upya aina hiyo ya gasketi.