Pini ya boljointi hufungwa kavu

Mafundi wengi wamerithishana desturi hii: kabla ya kufunga boljointi mpya (kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kupinda na kupanda-shuka), paka grisi kwenye pini yake, ile inayopungua unene kuelekea kwenye nyuzi za kufungia nati, ili siku nyingine itoke kirahisi. Nia ni njema, lakini kwa magari mengi ni kosa.

Pini hiyo haishikiliwi na nati peke yake. Hujikaza ndani ya tundu la nako, yaani chuma kinachobeba gurudumu, chuma kwa chuma, na msuguano huo ndio unaoizuia isicheze kila tairi linapoingia shimoni. Ukipaka grisi, kwa nguvu ileile ya spana pini huvutwa ndani zaidi ya ilivyokusudiwa. Nyuzi huelemewa, na tundu linaweza kutanuka au hata kupasuka, hasa nako ikiwa ya aluminiamu.

Kwa hiyo futa pini na tundu kwa kitambaa safi, ondoa kutu na mafuta yote, kisha funga pakavu, isipokuwa kitabu cha gari hilo kieleze vingine. Pini ikizunguka pamoja na nati, isukume kwa jeki mpaka ing'ate. Tundu la kotapini, kile kipini kinachozuia nati isifunguke, lisipolingana na mwanya wa nati, kaza mbele kidogo, kamwe usilegeze.

Kuhusu hofu ya pini kung'ang'ania, pini iliyokaa barabara haiachii maji nafasi kubwa ya kupenya, na pula ya boljointi, yaani kifaa cha kuichomolea, huitoa bila shida. Grisi itie ndani ya buti, ule mfuniko wa mpira wa boljointi, kupitia niplo (kichuchu cha kuingizia grisi) kama ipo.